Alama kwa alama: minara na vibao vya historia barabarani Iringa

Ukitokea Dar es Salaam kwa basi, ukishamaliza kona za Kitonga na kuiacha Ilula, dereva anakuwa ameshanusa Iringa na mguu umelalia mafuta. Hapo ndipo unapopita Lugalo. Abiria wengine wanasinzia, wengine wanatafuta mtandao kwenye simu, na mahali ambapo jeshi la Wajerumani lilisambaratishwa asubuhi moja ya tarehe 17 Agosti 1891 panapita dirishani kama kichaka kingine chochote.

Iringa ni mkoa wenye alama nyingi za historia ndani ya eneo ambalo gari moja linaweza kulizunguka kwa siku mbili, na karibu zote zinamhusu mtu mmoja, Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Tumezipima kwa maswali matatu na kuzipa maksi juu ya 10. Inaonekana kutoka barabarani? Inasomeka ukishaifikia? Na la tatu, ambalo tumelipa uzito kuliko yote mawili: nani aliisimamisha, na kwa ajili ya marehemu wa nani?

Lugalo: hadithi 10, mnara 4

Tuanze na hadithi, maana bila hiyo mnara haukuambii kitu. Emil von Zelewski ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Watu wa pwani walimwita Nyundo. Wapangani walimfahamu tangu 1888, alipokuwa wakala wa kampuni ya Kijerumani na vitendo vyake vikasaidia kuwasha vita vya Abushiri, uasi wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1891 alipanda bara kuwaadhibu Wahehe, akiwa na askari mamia kadhaa, wengi wao Wasudani na watu waliochukuliwa kutoka Msumbiji, pamoja na wapagazi, mizinga midogo na bunduki za Maxim, yaani bunduki za rashasha.

Makosa yake yanahesabika. Msafara ulikwenda mstari mmoja katika njia nyembamba, huku na huku vichaka na mawe. Bunduki za Maxim zilikuwa zimefungwa mgongoni mwa punda. Bunduki za askari hazikuwa na risasi ndani. Wahehe walilala majanini na mikuki wakisubiri ishara, na masimulizi yanasema ofisa mmoja wa Kijerumani alimpiga ndege risasi, wao wakadhani ndiyo ishara yenyewe. Haikufika nusu saa. Wazungu kumi waliuawa, Nyundo akiwa mmoja wao, pamoja na askari zaidi ya 200 na wapagazi karibu 100. Kikosi cha nyuma chini ya Luteni Tettenborn ndicho kilichosalimika. Anayetajwa kuwaongoza Wahehe siku ile ni Mpangile, ndugu yake Mkwawa. Jina hilo likumbuke, tutakutana nalo tena mjini.

Sasa mnara. Ni wa mawe, uliwekwa na Wajerumani kwa ajili ya Zelewski na wenzake. Kwa hiyo ukisoma jiwe peke yake utaondoka unawajua walioshindwa, na aliyeshinda hujamjua. Si kwamba mnara unadanganya. Kazi yake ilikuwa kuomboleza wenye jeshi, na aliyelipa fundi ndiye aliyechagua maneno. Ila mtoto wa shule anayeletwa hapa bila mwalimu anayeijua hadithi anaweza kudhani huyo Zelewski ndiye shujaa wa eneo.

Kumbukumbu ya ushindi wenyewe iko kilomita mia kadhaa kutoka hapa, Dar es Salaam: kambi ya jeshi na hospitali ya jeshi zinaitwa Lugalo, na makondakta wa daladala wanalipiga kelele jina hilo mchana kutwa.

Ukija kusoma maandishi yoyote ya kuchongwa kwenye jiwe, usije saa sita mchana. Jua la utosini linafuta vivuli, na herufi zilizolika hazionekani kabisa. Njoo saa moja hadi saa mbili asubuhi, au baada ya saa kumi na moja jioni. Ukikosa muda huo, mwombe mwenzako akae kando ya jiwe na tochi ya simu, mwanga uteleze juu ya uso wa jiwe badala ya kulipiga usoni. Herufi zitainuka. Piga picha tatu: moja ya mnara mzima na mazingira yake, moja ya kibao chote ukiwa umeweka kalamu pembeni kuonyesha ukubwa, na moja ya karibu kwa kila mstari. Usipake chaki, mkaa wala unga ili herufi zitokee. Usisugue kwa brashi ya waya. Chembe za chaki zinabaki ndani ya vitundu vya jiwe, na brashi ya waya inaondoka na herufi yenyewe.

Kwenye makaburi na minara ya wakati wa Mjerumani, maneno mawili yatakusaidia: *gefallen*, yaani aliyeuawa vitani, na *hier ruhen*, yaani hapa wamelala. Katika herufi za Kijerumani za zamani, s ndefu inafanana na f, hivyo jina unalolisoma kwa f huenda lina s. Majina ya mahali nayo yalipinda. Lugalo iliandikwa Rugaro, Kalenga ikawa Kuirenga, na Mkwawa akawa Quawa. Ukitafuta ramani au nyaraka za zamani kwa tahajia ya leo peke yake, hutapata nusu yake.

Jambo la mwisho kuhusu mawe ya aina hii, kwa wanaoyatunza. Kuta za zama zile zilijengwa mara nyingi kwa chokaa. Ukiziba nyufa zake kwa saruji, unaharibu. Saruji ni ngumu kuliko viungo vya asili na haipitishi unyevu. Maji yakishaingia nyuma yake yanakosa pa kutokea, yanausukuma uso wa jiwe hadi unabanduka. Baada ya masika mawili matatu utaona saruji imesimama imara na jiwe lililoizunguka limemomonyoka. Vibao vya shaba vina adui mwingine, mnunuzi wa vyuma chakavu. Kibao cha jiwe au cha vigae vilivyochomwa hakina bei sokoni, kwa hiyo kinadumu.

Kalenga: 8

Kama una nusu siku tu, njoo hapa. Kalenga iko kama kilomita 15 magharibi ya mji, upande wa barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Mkwawa, na ngome yake ilizungushiwa ukuta wa mawe. Jina la Iringa lenyewe limetoka huko: kwa Kihehe *lilinga* ni ngome.

Wajerumani walirudi kulipiza kisasi cha Lugalo mwishoni mwa Oktoba 1894, wakiongozwa na Gavana von Schele mwenyewe. Safari hii hawakuingia vichakani kwa mstari mmoja. Waliweka mizinga kwenye kilima na kuipiga ngome kutoka mbali, kisha tarehe 30 Oktoba wakaingia. Wenyeji wanakihusisha kilima hicho na jina la Tosamaganga, yaani kutupa mawe, ambako baadaye wamisionari Wakatoliki walijenga misheni inayojulikana hadi leo. Simama uwanjani Kalenga uangalie upande huo. Utaelewa vita vya 1894 kuliko utakavyoelewa kwa maelezo yoyote ya ukutani, kwa sababu umbali kati ya kilima na ngome ndio uliokuwa silaha.

Jumba la makumbusho ni dogo, dakika 40 zinatosha kwa vyumba vyake: mikuki, marungu, ngao, bunduki, na katika sanduku la kioo fuvu la Mkwawa. Nje kuna makaburi ya ukoo, likiwemo la Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, aliyekuwa Spika wa Bunge la Tanzania kwa miaka mingi. Usiharakishe kwenye fuvu. Historia yake ndiyo inayoipa Kalenga alama zake nyingi, na inafaa uijue kabla ya kuingia, maana lebo fupi haiwezi kuibeba yote.

Baada ya ngome kuanguka, Mkwawa alipigana vita vya msituni miaka minne. Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezingirwa, alijipiga risasi. Sajini Merkl aliyemfuatilia aliukuta mwili, kichwa kikakatwa na hatimaye kikapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliingiza dai la fuvu hilo katika Mkataba wa Versailles wa 1919. Ni kifungu cha 246, na kinamtaja Mkwawa kwa jina, sentensi chache tu kutoka mahali kinapodai Msahafu wa Khalifa Uthman urudishwe kwa mfalme wa Hijazi. Kifungu kilitoa miezi sita. Fuvu lilirudi 1954, miaka 35 baadaye.

Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, ndiye aliyelitafuta katika makumbusho ya Bremen, kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa yamehifadhiwa huko. Lilichaguliwa kwa vipimo vya kichwa vilivyolinganishwa na vya ndugu zake walio hai, na kwa tundu la risasi. Kipimo cha vinasaba hakikuwepo wakati huo. Mgeni mwenye akili atauliza kama kweli ni lenyewe, na mwongozaji mzuri hatakasirika kwa swali hilo. Mwulize kwa adabu, si mbele ya wazee wa ukoo waliokuja kuzuru kaburi. Kabla ya kutoa simu yako, omba ruhusa ya kupiga picha. Fuvu ni la marehemu wa watu, si kifaa cha maonyesho.

Tumepunguza alama mbili kwa ajili ya ukuta wa ngome. Mabaki yapo, lakini mgeni anayetembea peke yake anaweza kuyakanyaga bila kujua. Usiingie jumbani na kuondoka. Mwombe mwongozaji akuonyeshe ukuta ulipoanzia na ulipogeukia, hata kama itabidi mpite kando ya mashamba ya watu.

Mlambalasi: 7

Kichwa kiko Kalenga, kiwiliwili kiko Mlambalasi. Barabara ni ile ile ya Ruaha, ila unakwenda mbali zaidi, kama kilomita 50 kutoka mjini, halafu unachepuka. Hapa ndipo Mkwawa alipokufa na kuzikwa, na kaburi lake lina mnara. Mahali penyewe ni pakavu, pana miamba mikubwa na miti ya nyika, na kimya chake kinaeleza vizuri maisha ya mtu aliyewindwa miaka minne.

Wengi huishia kwenye kaburi. Panda hadi kwenye pango la mwamba lililo juu yake. Watafiti wa mambo ya kale wamechimba pale na kukuta mifupa ya watu na zana za Zama za Mawe za Mwisho, pamoja na vitu vya Zama za Chuma. Kwa maneno mengine, watu walikuwa wakikimbilia mwamba ule na kuzika wafu wao pale maelfu ya miaka kabla ya Mkwawa kufika. Vaa viatu vilivyofungwa, beba maji lita mbili kwa kila mtu, na usiguse wala kuokota chochote sakafuni mwa pango. Udongo wenyewe ni ushahidi, na ukishatibuliwa tabaka zake hazirudi zilivyokuwa.

Lililotufanya tusiipe nane ni njia ya kufika. Wakati wa masika ulizia hali ya mchepuko kabla hujaondoka mjini, kwa sababu gari dogo linaweza kukwama mahali ambapo hakuna wa kukusukuma. Bodaboda itafika, lakini kwa umbali huo mgongo utalalamika.

Isimila: 9, na tusikae sana

Hii haimhusu Mkwawa. Iko kama kilomita 20 upande wa barabara ya Mbeya: korongo lenye zana za mawe za Zama za Mawe za Kale, mashoka ya mkono ya ukubwa wa kiganja hadi mengine ya kukushangaza mtu aliyainuaje. Ziligunduliwa 1951, na uchimbaji mkubwa ulifanywa na F. Clark Howell mwaka 1957 na 1958. Nguzo za mchanga zilizochongwa na maji zinapigwa picha na kila mtu, na zinastahili. Teremka mapema kabla jua halijaingia korongoni. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuondoka na zana hata moja, hata ile ndogo unayodhani hakuna atakayeikosa.

Mjini: kutoka 3 hadi 9, inategemea unaangalia nini

Iringa Boma ni jengo la Wajerumani la mwaka 1900, sasa ni makumbusho tangu 2016. Tumeliweka mwishoni katika maandishi haya, lakini wewe lifanye la kwanza katika ziara yako. Linakupa mfululizo wa matukio na maisha ya makabila ya mkoa, ili ukifika Lugalo usisome jiwe ukiwa mtupu. Tunalipa 9.

Mnara wa Majimaji ulio mbele ya kituo cha polisi unapata 3, na si kwa sababu ya ujenzi wake. Mgeni akisoma neno Majimaji anafikiri moja kwa moja juu ya wapigania uhuru wa Songea na Kilwa. Lakini hapa ni Uhehe. Mwaka 1905 Wahehe wengi hawakujiunga na vita vile, na wapo waliokwenda pamoja na kikosi cha Wajerumani kutoka Iringa kuiokoa ngome ya Mahenge. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya mnara huu ni: hawa waliokufa walikuwa upande gani? Mnara unaokulazimisha kuuliza hivyo unahitaji kibao cha pili pembeni yake. Na kwa kuwa uko mbele ya polisi, omba ruhusa kabla ya kupiga picha, au utatumia mchana kueleza nia yako.

Makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, kusini mashariki ya katikati ya mji, yana marehemu wa vita vyote viwili vikuu. Nusu saa inatosha.

Alama bora za mjini hazina jiwe la kuchongwa. Kitanzini ni mtaa wa biashara, watu wananunua mahitaji yao na kuondoka, lakini jina linatokana na kitanzi: wenyeji husema ndipo Wajerumani walipokuwa wakinyongea watu. Hapa ndipo Mpangile anaporudi. Yule anayetajwa kuwa kiongozi wa Lugalo aliwekwa na Wajerumani kuwa mtawala mahali pa ndugu yake mwishoni mwa 1896, wakitumaini atawatuliza Wahehe. Wakaanza kumshuku kwamba anamsaidia Mkwawa kwa siri, na Februari 1897 wakamnyonga. Hadithi hii imo mdomoni mwa wazee. Anza na "Kamwene", salamu ya Kihehe, shikamoo ifuate, kisha keti. Ukianza na swali, utajibiwa kwa mkato.

Gangilonga, mwamba ulio juu ya mji, maana yake ni jiwe linaloongea. Husimuliwa kwamba lilimwonya Mkwawa juu ya ujio wa Wajerumani. Kupanda ni dakika kumi hivi. Nenda jioni kwa ajili ya mandhari, uwe na wenzako, na ushuke kabla giza halijaingia.

Mpangilio unaofaa

Siku ya kwanza: Boma asubuhi, kisha Lugalo na kurudi, Kitanzini mchana, Gangilonga jioni. Siku ya pili: Kalenga saa tatu, Mlambalasi kabla ya jua kuwa kali, kurudi mjini. Isimila iweke siku unayoondoka kuelekea Mafinga au Mbeya, kwa kuwa iko njiani. Kalenga inafikika kwa usafiri wa kawaida wa vijijini na bodaboda. Kwa Lugalo usitegemee basi la Dar likushushe na lingine likuchukue, kwa sababu mengi huwa yamejaa. Kodi bajaji au teksi ya kwenda na kurudi, mpatane pia muda wa kusubiri, angalau dakika 45. Kwenye vituo vya serikali uliza kama wanapokea fedha taslimu au ni lazima ulipie kwa simu kwa namba ya malipo, na usiondoke bila stakabadhi. Malipo ya mwongozaji mara nyingi ni jambo tofauti na kiingilio, basi mpatane kabla hajaanza kuongea.

Na kwa yeyote atakayepewa fedha za kuweka kibao kipya Lugalo: herufi za sentimita 2.5 zinasomeka vizuri na mtu aliyesimama mita chache mbele ya kibao, si na aliye ndani ya basi. Kwa hiyo vinahitajika viwili. Cha barabarani kiwe na maneno matatu tu, LUGALO 1891 UHEHE, kwa herufi za sentimita 20 au zaidi, na kiwekwe mita za kutosha kabla ya mchepuko ili dereva awahi kupunguza mwendo. Cha pili, mbele ya mnara, kiwe Kiswahili na Kihehe, maneno yasizidi 120, kiwe na idadi ya waliokufa pande zote mbili, na jina la Mpangile liwe mstari wa kwanza.